Neno "Lolote" na Maji ya Mkokotoni

Kati ya kisiwa cha Tumbatu na bandari ya Mkokotoni pana mkondo mwembamba wa bahari ambao watu wa huko huuvuka kama watu wa mjini wavukavyo barabara. Maji yakijaa, chombo husogea hadi karibu na ufuko na abiria hushuka bila ya dhiki. Yakipwa, na hasa siku za bamvua, chombo husimama mbali, na kila mtu hushuka majini akatembea kwa miguu, mzigo kichwani na nguo imekunjwa hadi magotini. Hakuna anayelalamika. Bahari ina saa zake, na anayeishi kisiwani huzijua kabla ya kujua kusoma saa ya ukutani.

Asubuhi moja ya maji kupwa namna hiyo, mshonaji wa kofia za viua, mjane aliyelea watoto wake kwa sindano, alishuka pamoja na wenzake. Simu yake ilikuwa imefungwa katika pindo la kanga. Mguu ukateleza juu ya jiwe lenye mwani, fundo likafunguka, simu ikatumbukia. Haikukaa majini zaidi ya muda wa mtu kusema "Yarabi". Aliiokota, akaifuta, akaianika kivulini kama alivyoshauriwa, lakini haikuwaka tena. Ndani yake mlikuwa na picha za viua vya kofia alizokwisha kuziuza, vipimo vya vichwa vya wateja wa Unguja na Maskati, na sauti ya marehemu mama yake akimkumbusha kununua sukari.

Simu hiyo aliinunua mjini miezi mitano nyuma kwa shilingi 350,000. Muuzaji alimwambia kuwa akiongeza kidogo atapata na bima. "Likitokea lolote, mama, wewe njoo tu." Akaongeza, akapewa hati ya kurasa sita iliyoandikwa kwa Kiingereza, herufi zake ndogo kama mayai ya sisimizi, akatia sahihi mahali alipoonyeshwa kwa kidole. Hati akaikunja, akaihifadhi katika kasha pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Baada ya simu kufa, mtoto wa kaka yake, kijana aliyesoma, aliifunua ile hati akaisoma usiku kucha. Asubuhi akaja na habari mbili. Ya kwanza ni kwamba ukurasa wa tano uliengua kila uharibifu utokanao na maji au kimiminika chochote. Ya pili ni kwamba wizi ulikuwa umekatiwa bima, maadamu mwenye simu alete karatasi ya polisi.

"Shangazi, sema imeibiwa."

"Haikuibiwa, mwanangu."

"Na wao walisema lolote."

Hakusema imeibiwa. Alikwenda mjini, akaeleza yaliyotokea kama yalivyotokea, akaiacha simu. Fundi wa kampuni aliifungua, akakuta kile kibandiko kidogo kiwekwacho ndani ya simu, ambacho huwa cheupe na kikiguswa na maji hugeuka rangi, kimekuwa chekundu. Wiki mbili baadaye akapata jibu la mistari mitatu: dai limekataliwa. Kijana hakuongeza neno ila moja, "Nilikwambia." Na neno hilo ndilo lililobaki nyumbani muda mrefu kuliko hasara yenyewe.

Je, mama huyu alikuwa mkweli au alikuwa mjinga? Na kama ukweli wake umemtia hasarani, ilhali neno la aliyemuuzia halikumtia hasarani muuzaji hata senti moja, mtu anawiwa ukweli na nani, na kwa kiasi gani? Simu ni kitu kidogo. Lakini maswali ya haki aghalabu huingia nyumbani kwa milango midogo, kwa sababu mlango mkubwa huwa na mlinzi.

Kwanza ni vyema kuitazama bima yenyewe, asili yake na kiini chake. Neno hili limefika pwani likipitia Bara Hindi, na wajuao nasaba za maneno hulihusisha na *bim* la Kifarsi, maana yake hofu. Jambo lenyewe, hata hivyo, ni kongwe kuliko neno, na lilizaliwa baharini. Katika mkusanyo wa sheria uliotolewa na Kaisari Justinian mwaka 533 imo kanuni iliyonasibishwa na kisiwa cha Rhodes: shehena ya mmoja ikitoswa ili chombo kiwe chepesi na kisizame, hasara ile si ya mwenye shehena peke yake, wote waliookoka na mali zao watachangia kuifidia. Nahodha yeyote wa jahazi angeielewa kanuni hiyo bila ya kufasiriwa. Kilichotoswa kilitoswa kwa ajili ya wote.

Karne nyingi baadaye wafanyabiashara wa Bahari ya Kati waliigeuza hofu ile kuwa mkataba. Mkataba wa bima ya bahari wa kale zaidi ujulikanao uliandikwa Genoa mwaka 1347. London, mwishoni mwa karne ya 17, wenye meli na wenye fedha walikuwa wakikutana katika mkahawa wa Edward Lloyd, na aliyekubali kubeba sehemu ya hatari aliandika jina lake chini ya maelezo ya safari. Hapo paliingia jambo jipya. Katika chombo cha Rhodes wote walikuwa wakiliona wimbi lile lile. Katika mkahawa wa London mmoja yuko baharini na mwenzake yuko mezani, na wa mezani hana ajualo juu ya chombo ila aliyoambiwa. Ndipo bima ikawa, kuliko biashara nyingine yoyote, biashara ya kuaminiana kwa maneno.

Kutokana na hali hiyo ilizuka kesi ambayo ingali ikisomwa na wanafunzi wa sheria hadi leo. Gavana mmoja wa Kiingereza, George Carter, alikata bima ya ngome ya Marlborough katika kisiwa cha Sumatra dhidi ya kutekwa na adui wa kutoka Ulaya. Mwaka 1760 Wafaransa wakaiteka. Aliyeandika bima, Bwana Boehm, akakataa kulipa, akidai kuwa Carter alimficha udhaifu wa ngome. Mwaka 1766 Jaji Mansfield alitoa kauli ambayo imekuwa msingi: mkataba wa bima hujengwa juu ya nia njema, na nia njema hiyo humkataza kila upande kumficha mwenzake jambo alijualo ili kumwingiza katika mapatano asiyoyaelewa. Wengi hukumbuka kuwa kauli hiyo ilimfunga mwenye kukata bima. Wachache hukumbuka kuwa katika kesi ile aliyeshinda alikuwa Carter. Boehm alijua kuwa kuna vita. Angeweza kuuliza, hakuuliza. Alipokea fedha akakaa kimya, na hasara ilipotokea ndipo akakumbuka maswali yake. Mansfield alikataa mchezo huo.

Kwa hiyo nia njema, tangu ilipotajwa, ilikuwa na ncha mbili. Hati ya mshonaji wa Tumbatu ilimtaka yeye aseme kweli katika kila mstari wa fomu, na ikamtisha kuwa akisema uongo dai lake litabatilika. Hayo ni haki. Lakini aliyeuza bima ile, akijua kuwa mnunuzi anakaa kisiwani, akijua kuwa mkataba unaengua maji, akatamka "lolote", alikuwa ametimiza upande wake?

Hapa insafu yataka kampuni nayo isikilizwe. Fungu la bima si mali ya aliyeketi kwenye kiti cha meneja peke yake. Limejazwa na malipo ya watu wengi ambao hawakudondosha simu zao. Kila dai la uongo likilipwa, wakweli ndio walipao, kwani ada ya mwaka ujao itapanda. Na wapo watu, si wachache, ambao hubomoa simu kuukuu wakitaka mpya. Karani aliyeko mjini hawezi kuuona moyo wa mdai. Anaweza kuona kibandiko tu. Kama ukurasa wa tano umesema maji hayalipiwi, na kibandiko kimesema maji yameingia, yeye amefanya kazi yake. Wala si dhambi kwa mkataba kuwa na mpaka. Anayeuza kinga ya kila kitu kwa bei ya kitu kimoja hatakuwapo kesho kumlipa yeyote.

Hoja hiyo ni nzito, na asiyeipa uzito wake hatatenda haki. Lakini izingatiwe inathibitisha nini. Inathibitisha kuwa kampuni ina haki ya kuweka mpaka. Haithibitishi kuwa ina haki ya kuuficha. Aliyechimba kisima kiwanjani mwake hakukosea; aliyekifunika kwa makuti, kisha akawaalika watu karamuni, huyo ana la kujibu. Na kibandiko nacho, hata kikisema kweli, husema neno moja tu. Kinashuhudia kuwa maji yaliingia. Hakishuhudii namna yalivyoingia, wala kama mwenye simu alikuwa mzembe au aliteleza, wala kile alichoambiwa siku aliponunua. Ni shahidi mwaminifu mwenye msamiati wa rangi mbili.

Kuna tofauti kati ya kusema uongo, kuficha na kutofafanua, na wanamaadili wa mila mbalimbali wameipima tofauti hiyo kwa mizani mbalimbali. Muuzaji anaweza kujitetea kuwa "lolote" ni neno la kibiashara, kama "bei poa" au "mali safi", na kila mtu mzima hulijua. Lakini utetezi huo una walakini. Neno la biashara huwa halina madhara pale tu mnunuzi anapoweza kulihakiki kwa macho yake. Asemaye "embe hili ni tamu" husema mbele ya embe. Asemaye "bima hii inalipa lolote" husema mbele ya kurasa sita ambazo aliyezungumza naye hazisomi, kwa lugha asiyoijua, na juu ya jambo ambalo halitaonekana ila siku ya msiba. Bima haionjwi. Mnunuzi hana cha kushika mkononi ila neno, na kwa hivyo neno ndiyo bidhaa. Aliyelipunja neno amepunja kipimo.

Wanazuoni wa Kiislamu, ambao mawazo yao yana nafasi katika soko la pwani, wameujadili mlango huu kwa jina la *gharari*, yaani kuuza kitu ambacho mnunuzi hajui ni nini na kiasi gani. Mwaka 1985, mjini Jeddah, Baraza la Fikihi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu liliipinga bima ya kibiashara na kuikubali ile ya kushirikiana, ambayo washiriki huchangia fungu kwa nia ya kusaidiana. Hata asiyefuata hukumu hiyo anaweza kunufaika na swali lililo nyuma yake: je, huyu anayelipa anajua alipialo? Mabaraza ya Ulaya nayo yamelifikia jambo lililo jirani kwa njia yao. Mahakama zao zina kanuni kuwa maneno ya mkataba yakiwa na utata, hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kalamu na alikuwa na nafasi ya kuandika wazi. Na Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2012, mzigo wa kufichua kila kitu uliondolewa kwa mnunuzi wa kawaida. Kampuni sharti iulize, naye ajibu kwa uangalifu na kwa kweli.

Sasa na lirudiwe shauri la kijana. Alikuwa na hoja tatu, na hakuna hata moja ya kudharauliwa. Ya kwanza: wao walianza. Ya pili: kampuni si mtu, haina usiku wa kukosa usingizi wala watoto wa kulisha, na uongo juu yake haumuumizi yeyote. Ya tatu: shangazi yake alikwisha kulipa, na ambacho angekichukua kwa uongo kilikuwa chake kwa haki.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi, na kuna kesi iliyoigusa kwa karibu. Januari 2010 meli iitwayo DC Merwestone iliingiwa na maji katika chumba cha injini, na injini ikaharibika. Wenye meli walikuwa na haki ya kulipwa. Lakini, kwa kutaka mambo yaende haraka, waliiambia kampuni ya bima kuwa mabaharia walisikia king'ora cha maji wakakipuuza kwa sababu ya bahari mbaya. Jambo hilo halikuwa kweli. Dai lilikuwa la zaidi ya yuro milioni 3. Mahakama mbili za kwanza zilisema uongo umeliua dai. Julai 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza, kwa wingi wa majaji wanne dhidi ya mmoja, ilisema vinginevyo: kama dai lenyewe lilikuwa halali, na uongo haukubadilisha chochote katika haki ya mdai, basi uongo ule hautoshi kumnyima. Jaji aliyepinga aliona kuwa kuuachia uongo wa namna hiyo ni kuitoboa nia njema.

Je, kesi hiyo inamsaidia kijana? Kwa mtazamo wa haraka, ndiyo. Kwa kutazama vizuri, hapana. Uongo wa wenye meli uliwekwa pembeni ya tukio la kweli: maji yaliingia, injini iliharibika, na hatari hiyo ilikuwa imekatiwa bima. Uongo wa kijana ungewekwa mahali pa tukio lenyewe. Usingeupamba ukweli, ungeuhamisha ukweli nyumba na kuingia wenyewe kama mpangaji. Na haki ambayo kijana aliidhania ni ya shangazi yake, kama ipo, imejengwa juu ya neno la muuzaji, wala haikujengwa juu ya wizi. Anayedai haki yake kwa jina la jambo jingine ameiacha haki yake bila ya kuitetea.

Lakini jibu kubwa liko katika hoja ya pili, ile isemayo kuwa haumuumizi yeyote. Dai la wizi lahitaji karatasi ya polisi. Karatasi ya polisi yauliza: wapi, lini, nani alikuwapo. Mama yule angejibu kuwa ilikuwa ndani ya chombo, asubuhi ile, baina ya Tumbatu na Mkokotoni. Chomboni walikuwamo watu kumi na mmoja. Wote anawajua kwa majina, na kwa majina ya baba zao. Aliyepokea mizigo na kuwashika wazee mkono walipokuwa wakishuka alikuwa kijana baharia wa miaka kumi na saba, yatima, ambaye yeyote akipotelewa na kitu, macho ya kwanza humgeukia yeye kwa kuwa hana wa kumtetea.

Mwizi wa kubuni hawezi kubaki bila ya uso. Katika mji mkubwa labda angepotea katika umati, na hata huko kuna mpagazi au mfagiaji atakayeulizwa. Kisiwani, mwizi asiyekuwapo hutafutiwa aliyepo. Haitajwi jina lake; hakuna haja. Itatosha neno "imeibiwa" livuke maji na kurudi na watu, na baada ya mwezi mmoja hakuna atakayempa kijana yule kapu lake alishike. Kijana wa kaka alidhani anamshauri shangazi yake aidanganye kampuni ya mjini. Kumbe alikuwa anamshauri amlipishe baharia.

Hivyo ndivyo ulivyo uongo dhidi ya taasisi. Huonekana kama jiwe lililorushwa kwenye ukuta, na arushaye hutulizwa na mawazo kuwa ukuta hauhisi. Lakini jiwe haliingii ukutani, hudunda. Na nyuma ya arushaye wamesimama watu wake mwenyewe.

Na ile hoja ya kwanza, kwamba wao walianza? Ni kweli walianza. Lakini ahadi iliyovunjwa humpa aliyevunjiwa haki ya kudai, na kudai ni kusema kwa sauti kile kilichotokea. Aliyedanganya naye amejinyang'anya dai hilo kwa mkono wake. Hawezi tena kusimama mbele ya muuzaji na kumwambia "ulisema lolote", kwa kuwa katika simulizi yake mpya maji hayamo, na ukurasa wa tano haukumdhulumu. Amepata simu, na muuzaji amepata usalama. Kesho neno lile lile litatamkwa mbele ya mnunuzi mwingine.

Imethibiti, basi, kuwa mama hakuwa mjinga kwa kukataa uongo. Lakini kuna kosa jingine linalovaa kanzu ya uadilifu, nalo ni kunyamaza. Wako wasemao, "Niliyasema ya kweli, Mungu anatosha," kisha wakaikunja barua ya mistari mitatu na kuirudisha kasha. Subira ni sifa. Lakini subira ni kuvumilia lisiloweza kubadilishwa, wala si kumwachia mwenzako kosa analoweza kulirekebisha. Aliyekataa kumsingizia baharia amefanya nusu ya wajibu. Nusu iliyobaki ni kumtaka aliyetoa neno alitolee hesabu.

Njia ipo, nayo si siri. Mwenye dai lililokataliwa ana haki ya kutaka sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu cha mkataba kilichotegemewa. Mistari mitatu haitoshi. Akipata kifungu, akisome, au asomewe na amwaminiye, akilinganishe na kurasa nyingine. Katika hati ya mshonaji, ukurasa wa kwanza uliahidi kulipa "uharibifu wa ghafla usiotarajiwa", na kuteleza jiweni ni ghafla na hakukutarajiwa. Ukurasa wa tano ukaengua maji. Kilichoiua simu ni kuteleza au ni maji? Kampuni itasema maji, na huenda ikashinda kwa hilo, kwa kuwa kifungu cha kuengua kimeyataja kwa jina. Lakini swali la sababu si la kipuuzi. Sheria ya bima ya bahari ya Uingereza ya mwaka 1906 yenyewe imeweka msingi kuwa hasara hupimwa kwa sababu yake iliyo karibu, na mabaharia na mawakili wamebishana kwa zaidi ya karne juu ya ipi iliyo karibu.

Kisha akusanye alichonacho: risiti, tarehe, jina la duka, tangazo lililokuwa ukutani siku ile kama lipo, na maneno aliyoambiwa, yaandikwe kama yalivyotamkwa wala yasitiwe chumvi. Aiandikie kampuni kuomba dai litazamwe upya. Ikishikilia, Tanzania ina Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na sheria ya bima ya mwaka 2009 iliweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ili mtu wa kawaida apate pa kusikilizwa bila ya kwenda mahakamani. Huko hakuna hakika ya kushinda. Lakini malalamiko yaliyoandikwa hubaki katika faili, na likija la pili na la tatu juu ya duka lile lile na neno lile lile, faili huanza kusema lisiloweza kusemwa na mtu mmoja.

Hapo ndipo kudai kunapoacha kuwa jambo la simu moja. Katika kanuni ya Rhodes, aliyetoswa shehena yake alikuwa amebeba hasara kwa ajili ya wote waliomo chomboni. Adaiye kwa ukweli naye hubeba kitu kwa ajili ya wengine: nauli za kwenda na kurudi mjini, siku za kazi zilizopotea, na fedheha ya kuonekana mgomvi kwa ajili ya kitu kidogo. Mnunuzi ajaye, ambaye atafafanuliwa ukurasa wa tano kabla ya kutia sahihi, hatajua ni nani aliyetosa.

Ikumbukwe pia kuwa hata dai likikubaliwa, bima hulipa bei, tena bei iliyopunguzwa kwa miezi ya matumizi na kwa ile sehemu ya hasara ambayo mwenye mali hubebeshwa mwenyewe. Haina kifungu cha sauti ya mama. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Mizani ya soko haikutengenezwa kupimia vitu hivyo. Lakini ni vyema madai yasichanganywe. Sehemu ya uchungu wa mshonaji ilikuwa ni ya kampuni kujibu. Sehemu nyingine, iliyo kubwa zaidi, ilikuwa ya msiba, na msiba haupelekwi kwa msuluhishi. Asiyetenganisha haya mawili atadai kwa ghadhabu isiyokwisha, au atasamehe lisilo lake kulisamehe.

Barua iliandikwa kwa Kiswahili, kurasa mbili. Iliandikwa na yule kijana wa kaka kwa mkono wake, shangazi akitamka. Alipofika kwenye mstari wa kuteleza, kijana alitaka kuandika kuwa simu ilikuwa ndani ya mkoba uliofungwa vizuri. Shangazi akamwambia aandike pindo la kanga. Akaandika. Mwisho waliongeza sentensi ya kuomba kwamba, hata kama dai halitalipwa, wauzaji waagizwe wasitamke tena neno "lolote" kwa watu wanaovuka bahari kwa miguu.

Ilitiwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na nakala ya hati na risiti. Siku hiyo pia maji yalikuwa yamekupwa. Aliyeichukua kuivusha hadi Mkokotoni, akiishika juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, alikuwa ni yule baharia.